Karatasi ya Nusu Pepo

Wapendwa, nina mfano. Naomba nikiusema kila mtu anitazame mimi, asimgeukie jirani yake.

Palikuwa na usharika mmoja huko kwenye milima ya baridi, na vijana wa kipaimara wa hapo walipenda mchezo fulani wa hadithi. Mmoja wao anakuwa msimulizi. Wengine, kila mmoja anajiandikia mtu wake kwenye karatasi, anampa jina, ukoo na tabia, kisha wanasafiri nao ndani ya masimulizi. Wakifika penye hatari wanarusha dadu wajue kama wamepona. Kuna wanaochagua kuwa wawindaji, kuna wanaochagua kuwa wana wa wafalme. Na kuna kabila moja linaloitwa nusu pepo: mama mtu, baba pepo. Hao huzaliwa na vipembe kwenye paji la uso, na popote wanapokwenda watu huviona vile vipembe kabla hata hawajaitikia salamu.

Msichana mmoja, tumwite Tupokigwe, akachagua nusu pepo.

Sasa, baba yake Tupokigwe alikuwa gerezani. Yeye na wenzake walivunja kanisa hilohilo wakaiba vyombo vya kwaya, wakampiga mlinzi hadi akapoteza jicho. Mlinzi alikuwa mtu mwema, anapendwa na wote. Mngekuwa ninyi, mngesahau? Wao hawakusahau. Na kwa kuwa baba alikuwa mbali, hasira ikamwendea aliyekuwa karibu.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akikagua madaftari ya kipaimara, akaikuta ile karatasi. Imeandikwa wazi: baba, pepo. Akaipeleka kwa mchungaji, akisema mtoto huyu asibarikiwe pamoja na wenzake, maana mambo ya baba yameanza kujitokeza. Msimlaumu upesi mzee huyu. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba analilinda kundi.

Jumatano vijana wote wa mchezo ule wakaitwa ofisini. Mzee alizungumza kwa muda mrefu. Alipomaliza, mchungaji akamwuliza Tupokigwe kwa upole kwa nini, katika watu wote wa mchezo, akamchagua huyu.

Tupokigwe akajibu akitazama sakafu. "Wengine wakifika kwenye lango la mji wanaulizwa wanakwenda wapi. Huyu peke yake anaulizwa baba yake ni nani. Nilitaka nione kama kuna mji utakaomruhusu."

"Na umeupata?"

"Bado. Miji mitatu imemkataa."

Mzee akasema hata kwenye mchezo watu wa miji wanajua la kufanya. Kisha akataka aonyeshwe msimulizi, huyo anayewajaza wenzake maneno ya mapepo, naye apewe adhabu yake. Akasimama msichana aliyekuwa nyuma kabisa. Alikuwa binti wa mzee mwenyewe, naye mzee hakuwa na habari kwamba anacheza. Alidhani ameitwa kama shahidi.

"Msimulizi ni mimi, baba," akasema. "Miji niliitunga. Lakini maneno ya walinzi wa lango sikuyatunga. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Damu haiongopi. Hayo ni ya mezani kwetu, unapomsema Tupokigwe. Niliona yanawafaa walinzi, nikawapa."

Mzee alikuwa amesimama. Akakaa. Hatimaye akamwambia binti yake, kwa sauti ya chini, kwamba mji unaofuata umruhusu yule mtu aingie.

Tupokigwe akatikisa kichwa. "Huko ataingia tu, mzee, leo au kesho. Ni mchezo. Mimi ndiye nisiyejua kama nitaingia. Jumapili nikikaa kwenye benchi, watu wanasogea mbali nami."

Jumapili ile mzee na mkewe hawakwenda kwenye viti vya wazee. Walitembea hadi alipokaa Tupokigwe, mmoja akaketi kulia, mmoja kushoto. Mama yule akamfungulia kitabu cha nyimbo. Mzee hakuweza kuimba ubeti wa kwanza, wala wa pili. Wa tatu alijikaza.

Ndugu zangu, sisi ni hodari wa kunusa mapepo. Tunayanusa kwenye madaftari ya watoto, kwenye nyimbo zao, kwenye nywele zao. Je, kwenye ugali wetu wa jioni hatusikii harufu? Tunakaa pale tunawasema watoto wa watu, na wetu wanakula huku wanasikiliza, wanahifadhi. Tupokigwe hakumpiga mlinzi. Siku baba yake alipolivunja kanisa, yeye alikuwa darasa la pili, anajifunza kuandika kwa mwandiko wa kuunganisha. Nani kati yetu aliulizwa kabla ya kuzaliwa anataka kuingia duniani kwa mlango gani? Mimi sikuulizwa. Wewe uliulizwa?

Nawaomba kitu kimoja tu. Yupo mtoto hapa mtaani kwetu ambaye ukimtaja unasema, "Yule wa fulani." Unamjua. Ukitoka hapa leo, mfuate, umwulize anaitwa nani.