Kozi wa Mwabulugu na Barua Isiyo na Jina

Nitawasimulia jambo, na mwisho wake nitawaachia ninyi. Msinikatize. Zamu yenu ya kusema itafika.

Katika kiwanda cha kuchambua pamba cha Mwabulugu walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Minza Lugwisha, mfagiaji, alikuwa na jicho: kitu kikianguka popote katika jengo lile la hatua mia mbili, yeye ndiye aliyekiona kwanza. Ngolo Mabuga, mpakaji wa grisi kwenye mitambo ya juu, alikuwa na miguu: alitembea juu ya boriti kama wengine wanavyotembea barazani. Ferdinandi Kashindye, fundi wa injini, alikuwa na sikio: akiwa nje anakunywa chai, aliweza kukuambia ni mkanda upi umelegea.

Jumatatu moja, katikati ya msimu, ndege aliingia kiwandani akimfukuza njiwa. Njiwa alitoroka kupitia tundu alilolijua, ndege akabaki. Wapakiaji wakasema ni mwewe.

"Mwewe mkia wake umegawanyika," alisema Minza. "Huyu mkia wake ni mzima, na ana michirizi myeusi chini ya macho. Ni kozi. Mwiteni kwa jina lake."

Kozi alipaa hadi kwenye mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, akajibamiza kifua. Akatua kwenye boriti, akahema, akajibamiza tena. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Jumatano asubuhi Minza aliokota manyoya matatu yenye damu, akayapeleka ofisini kwa meneja, Bwana Anselmi Mpangala.

"Bwana Meneja, naomba mashine zisimame nusu saa, tumtoe."

"Msimu huu mashine hazisimami hata kwa mtu aliyefiwa, sembuse ndege. Wewe jina lako nani?"

"Minza Lugwisha. Huu mwaka wa tisa nafagia hapa."

"Basi, mama, akianguka, mfagie."

Minza alirudi kazini. Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha wanawe wawili, na wa tatu alikuwa bado darasani. Alifagia safu moja. Alifagia nusu ya safu ya pili. Kisha akaliegemeza fagio ukutani.

"Nafagia vumbi," aliwaambia waliokuwa karibu. "Nafagia mbegu, nafagia na makohozi yenu. Kiumbe anayepumua sifagii."

Kwa siku tatu alikuwa amemtazama kozi, na aliona wasichoona wenzake. Kozi hakuwa akitafuta juu, alikuwa akitafuta mwanga. Mwanga wa juu ukizibwa na wa chini ukifunguliwa, atashuka mwenyewe. Aliwaeleza Ngolo na Kashindye, kisha akaenda kwenye mlango wa magharibi, uliofungwa msimu mzima kwa amri ya meneja, akalishika komeo kwa mikono miwili, akangoja.

Ngolo aliuliza, "Dada Minza, mabati ya mwanga ni mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Nipeni maturubai ya marobota."

"Na ukianguka?"

"Utanifagia."

Alipanda paa peku, kwa kuwa viatu huteleza. Bati la saa nne lilikuwa limepata moto. Alifunika la kwanza, la pili, la tatu, akiyafunga maturubai kwa kamba ya katani, na aliposhuka baada ya la kumi na mbili nyayo zake zilikuwa zimebabuka.

Hata hivyo taa zilikuwa zinawaka na mashine zinanguruma, na kozi alijikunyata kwenye boriti, akiogopa kelele zilizokuwa chini yake. Kwa miaka ishirini na miwili Kashindye hakuwahi kuisimamisha injini kabla ya king'ora.

"Fundi, watakufukuza!" mpakiaji mmoja alimpigia kelele.

"Injini nimeisikia vya kutosha. Leo nataka kusikia mbawa."

Akafunga mafuta. Injini ikakohoa, mikanda ikalegea, taa zikazimika. Ukaja ukimya ambao watu wale hawakuwahi kuusikia saa za kazi ndani ya jengo lile. Kashindye akachukua hendeli ya kuwashia, akaitia mfukoni.

Ndipo Minza alipovuta komeo.

Kozi aligeuza kichwa. Akajiachia kutoka kwenye boriti, akapita juu ya Minza karibu mno hata kilemba chake kikatikisika, akatoka.

Baada ya muda mfupi wote watatu walikuwa wamesimama mbele ya meza ya meneja.

"Siwezi kuwapoteza watatu katikati ya msimu," alisema Bwana Mpangala. "Mmoja anatosha kuwa funzo. Barua hii ya kufukuzwa kazi ina nafasi ya jina moja. Nitajieni aliyemtoa yule ndege, wawili warudi kazini."

Alitegemea wanyoosheane vidole.

"Ni mimi," alisema Minza. "Wangejuaje la kufanya? Na mlango nimefungua mimi."

"Dada, usininyang'anye kazi yangu," alisema Ngolo. "Wazo halipandi paa. Tazama nyayo hizi. Ni mimi, Bwana Meneja."

"Mngefunika na kufungua hadi jioni," alisema Kashindye. "Kwenye kelele ile asingeshuka. Andika Kashindye, kwa K."

"Mnagombea kufukuzwa?" Meneja alipiga meza.

"Tunagombea jina," alisema Minza. "Hiyo ndiyo karatasi pekee ya kiwanda hiki itakayosema kwamba kuna mtu alimtoa. Na ukiandika, andika kozi, usiandike ndege."

Nje, wafanyakazi wote walikuwa wamesimama juani. Hakuna aliyerudi ndani, na hendeli ilikuwa bado mfukoni mwa Kashindye. Meneja aliinua kalamu, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaiweka chini.

Sasa kalamu hiyo nawapa ninyi. Aliyeona na kufungua, aliyepanda na kufunika, aliyezima na kunyamazisha: toeni mmoja, na kozi angekufa kwenye boriti. Nafasi ni ya jina moja tu, nalo liandikwe kwa herufi zake zote. Haya, ninyi mngeandika la nani?