Nafasi ya Mke Mmoja

Hadithi hii niliipata kwanza kwa Bi Nabindu, yule aliyekuwa akiuza dagaa mlango wa pili na sisi kule kambini. Yeye alisema aliipata kwa wenyewe. Hao wenyewe mimi sikuwaona, nawapa kama nilivyopewa. Sogeeni. Tosha, mwachie mwenzio blanketi. Mwisho nitawauliza neno, kwa hiyo asisinzie mtu.

Palikuwa na mwanamume anaitwa Wilondja, mtu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alikuwa na wake watatu. Mnacheka nini? Hata babu yenu alikuwa na mpango huo, mimi ndiye niliyemkatalia.

Mke mkubwa, Byaunda, alijaliwa ulimi. Akikwambia mvua hiyo inakuja, unaanua nguo na jua linawaka. Wa pili, Mauwa, alijaliwa mgongo. Gunia la mihogo analitoa shambani mpaka nyumbani bila kutua, wanaume wanampisha njia wanaangalia pembeni. Mdogo wao, Apendeki, hakuwa na maneno wala nguvu. Yeye alijaliwa masikio. Alijua kukaa na mtu kimya mpaka mtu mwenyewe aseme.

Basi vita ikafika kwao. Watu wenye bunduki walimtaka Wilondja awabebee mizigo, akakataa, wakampiga risasi ya mguu. Akajikokota mpaka nyumbani, na wao nyuma wanamfuata.

Byaunda alikuwa ametoka kuchimba shimo la kuivishia ndizi. Mnalijua lile: unatandika majani, unapanga ndizi, unafunika majani tena, na udongo juu. Akazitoa ndizi, akamlaza mumewe mle ndani, akamwachia tundu la pumzi, akafukia. Kwa nje unaona nini? Kaburi bichi. Kisha akashika wembe akanyoa kichwa chote, akajipaka majivu, akakaa juu ya ule udongo analia kilio cha mjane. Wale watu wakafika, wakauliza Wilondja yuko wapi. Byaunda akaupiga udongo kwa kiganja. Wakamgeukia Etabo, mdogo wake Wilondja, aseme kama ni kweli. Etabo akawajibu, "Kaka yangu amekufa. Nimemzika mimi."

Wakaamini. Ila mikono mitupu hawakuondoka. Walimchukua Etabo akabebe ile mizigo, na mpaka Bi Nabindu ananisimulia, Etabo alikuwa hajarudi.

Walipokwenda, wakamfukua mtu wao. Mguu umevimba, haukanyagi. Mauwa akafungua kitenge chake, akainama, akamwambia panda. Wilondja akagoma, akasema mwanaume habebwi na mkewe. Mauwa akamwambia, "Basi baki na kaburi lako." Akapanda. Akafungwa mgongoni kama mtoto mchanga, wenzake wakabeba watoto na masufuria, wakapandisha milima, wakashuka. Njiani watu wanakimbia roho zao na bado wanapata nafasi ya kucheka, eti mama, huyo mwanao mbona ana ndevu. Mauwa anawajibu ndiyo, na huyu ndiye anayenisumbua kuliko wote. Hakumtua mpaka majini, kwenye mtumbwi wa kuvukia. Bila mgongo ule angeozea njiani, na lile kaburi la Byaunda lingekuwa la bure.

Wakafika kambini. Kambini mtu anaitwa na maofisa wa wakimbizi, anaulizwa: umekimbia nini? Wilondja kila akiitwa anasema mambo yasiyoshikana. Leo alijificha, kesho alikuwa ameshaondoka kabla wale hawajaja. Wakamwambia maneno yako hayakai pamoja, nenda ujikumbushe, utaitwa mara ya mwisho. Byaunda akataka amtungie maneno mazuri. Apendeki akasema asitungiwe. Akawa anakaa naye nyuma ya nyumba akichambua maharage, leo, kesho, haulizi kitu. Mpaka mwanaume mwenyewe akafungua kinywa.

"Nilimsikia Etabo," akasema. "Udongo ulikuwa mwepesi. Ningesukuma, ningetoka. Sikusukuma."

Akalia, mtu mzima yule, kamasi zinamtoka. Apendeki hakumwambia nyamaza. Aliendelea na maharage yake, halafu akamwambia, "Kawaambie hivyo hivyo."

Akaenda, akawaambia hivyo hivyo. Wakamwamini, maana nani atunge aibu yake mwenyewe? Akakubaliwa kuwa mkimbizi wa kweli, na kwa ajili ya ule mguu akapelekwa nchi ya baridi kutibiwa, yeye peke yake. Kwa hiyo mdogo naye mhesabuni. Bila masikio yake, Wilondja angekuwa mzima, amebebwa, na amekataliwa.

Huko kwenye baridi mguu ukapona. Ndipo akaambiwa sasa unaweza kuomba ukaazi wa kudumu, ukae kama mwenyeji, pasiwe na mtu wa kukwambia rudi. Na katika maombi hayo hayo utaweka mke wako na watoto wako. Mama mmoja wa ofisini, na mkalimani pembeni, akamwomba jina la mke. Wilondja akayataja yote matatu, mkubwa kwanza, kama adabu yetu inavyotaka, na uso unang'aa, anadhani anaheshimu watu.

Yule mama akaweka kalamu chini. Hakugomba, alimweleza taratibu. Sheria ya kwao inajua mke mmoja. Watoto wote waje, mama zao wakiridhia. Mke mmoja tu, na atakayeachwa nje ya maombi haya, Wilondja asitegemee kuja kumwita baadaye. Asipoomba kabisa, na watoto nao wanabaki kambini.

Wilondja akapiga simu, sauti ikawekwa juu, wanawake watatu wameizunguka. Akawaeleza yote. Akasema tangu aambiwe hakuna kinachopita kooni. "Naona kama niko tena shimoni," akasema, "na nawasikia nyinyi huko juu."

Kwa watoto hawakugombana. Wote waende, na atakayekwenda atakuwa mama wa wote. Maana yake wawili watabaki na nyumba zisizo na mtoto. Wakaitwa wazee wa kwao walioko kambini, na wazee badala ya kusaidia wakaharibu. Walisema Byaunda ameshamzika mumewe, amenyoa, na hakufanyiwa tambiko la kumtoa ujane, kwa hiyo hana mume. Byaunda akawaambia, "Nilinyoa nywele, sikunyoa ndoa." Wakasema Mauwa naye, uliyembeba kwenye kitenge ni mwanao, hawezi kuwa mumeo. Mauwa akasema sawa, ila tangu lini mtoto akaenda mbali akamwacha mama yake? Na Apendeki, wakasema, mke aliyemwona mumewe akilia aibu yake hatamheshimu tena. Apendeki akanyamaza, ndivyo alivyo. Walipomsukuma sana akasema, "Nikibaki mimi, nani kule atajua kwa nini hawezi kula?"

Mnaona? Kile kile kilichomwokoa mume ndicho wazee walichomshikia kila mmoja kuwa kosa.

Wilondja akawaomba, kwenye simu ile ile, wachague wao, yeye ataandika tu. Byaunda ndiye aliyejibu.

"Hapana, baba watoto. Tumekufukia, tumekubeba, tumekusikiliza. Hili moja lifanye wewe."

Siku ya ofisi ikafika. Wilondja akakaa mbele ya yule mama, amepewa kalamu, na pale pa kuandika mke pana nafasi ya jina moja. Yule mama anamsubiri, hamharakishi.

Bi Nabindu aliishia hapo. Nilimuuliza sana aliandika nani, akanifungia dagaa wangu akanipa.

Najua, Tosha, wewe umeshasema Mauwa, kwa sababu unapenda kubebwa. Lakini Mauwa angembeba nani, kama Byaunda hakumfukia? Na wewe unayesema mkubwa ni mkubwa, huo mguu ungetibiwa wapi kama Apendeki hakukaa kimya? Na usiseme Apendeki kwa kuwa ni wa mwisho. Wa mwisho alipokea mtu ambaye wenzake walishamwokoa.

Haya, kalamu iko mkononi mwako. Ungeandika nani? Usinijibu sasa, jina la haraka silitaki. Mkija na jina, mje pia na maneno ya kuwaambia wale wawili wanaokaa na ile simu. Mimi miaka yote hii majina nimepata, hayo maneno sijayapata. Jifunikeni, nazima taa. Laleni.