Kadi ya Pili ya Kokugonza

Sogeeni karibu, hii inataka shauri lenu.

Chumba kimoja cha hosteli kilikuwa na wasichana wanne. Mwanaidi alijua kukataa bila kumuudhi mtu. Nsia alijua kutunza siri. Tumpe alijua kupika maharage yakanukia korido nzima. Na Kokugonza, wa mwaka wa mwisho? Alijua kutumia! Bumu, ile pesa ya kujikimu, likiingia Jumatatu, Ijumaa anaazima sabuni. Hakuwa mjinga. Aliogopa tu kuonekana hana.

Muhula ule alidaiwa ada, laki tatu. Asipolipa hafanyi mtihani, na mama yake kule Muleba hakuwa na kahawa nyingine ya kuuza.

Bumu likaingia. Jioni ileile kundi la darasa likatangaza sare ya harusi ya mwenzao, elfu themanini. Kokugonza alikuwa ameshaandika "nimo" Mwanaidi alipompokonya simu. "Dada Koku, niachie mimi." Akawapigia, akacheka nao, akawatakia maharusi heri, akakataa. Hakuna aliyenuna.

Kokugonza akaona kumbe inawezekana. Akamwomba Nsia amwekee namba mpya ya siri kwenye akaunti, asimtajie. Wiki ya pili muuza viatu akabisha hodi.

"Nitajie, mara hii tu!" Kokugonza akamsihi Nsia.

"Ulinikataza mwenyewe, Dada." Wiki kumi, Nsia hakutaja.

Sasa angekula nini? Tumpe akaongeza kikombe cha maharage kila siku, kwa pesa yake. Wenzao walipopita wakielekea kwenye chipsi kuku, alifunga mlango taratibu. "Kula, Dada. Hapa hakuna anayekuangalia."

Siku ya mwisho ya kulipa, Nsia akaandika ile namba. Laki tatu na elfu kumi na mbili! Kokugonza akaduwaa. Akasoma mara tatu. Maisha yake yote hakuwahi kuona pesa yake ikimsubiri.

"Jamani, bado ipo!" akanong'ona, akalia mbele yao bila aibu.

Akalipa, akafanya mtihani, akafaulu. Chuo kikampa kadi mbili za wageni wa mahafali. Moja ya mama, ikabaki moja.

"Bila mimi ungevaa sare," alisema Mwanaidi.

"Bila mimi ungevaa viatu," alisema Nsia.

Tumpe aliendelea kuchambua maharage. "Bila mimi ungezimia."

Kokugonza akaishika ile kadi ya pili, akawatazama wote watatu. Lazima awakatalie wawili, na safari hii hakuna wa kumsemea.

Haya, wasikilizaji: ungekuwa wewe, ungempa nani?