Kiti cha Aliyewaunganisha

Hapo zamani za kofia ndefu na simu za ukutani, mjini Chicago palikuwa na akina Thornbury, matajiri wa sabuni. Walikuwa safi kupita kiasi, na bado waandishi wa magazeti hawakuacha kuwanusanusa.

Binti yao, Lavinia, alimpenda Ambrose. Ambrose naye alimpenda, ila kila alipofungua kinywa kumchumbia, yalitoka maneno ya theluji. Hali ya hewa ya Chicago Lavinia aliijua yote. Posa ndiyo hakuisikia.

Siku moja mama yake, Bibi Eudora, akaandaa karamu. Mchana akampigia simu Mortimer, mwandishi wa safu ya wakubwa katika gazeti la asubuhi. Desturi ya Mortimer ilikuwa kuandika habari za karamu kabla ya karamu, ili akifika ale kwa raha. Bibi Eudora akamtajia bata bukini, akamtajia wapiga fidla, akaongeza kwamba huenda Ambrose akamchumbia binti. Mortimer akayaandika yote kana kwamba yamekwisha kutokea.

Bata akaliwa. Fidla zikapigwa. Ambrose akazungumzia theluji, akaenda zake.

Asubuhi gazeti likatangaza uchumba. Ambrose akalisoma, akajifunika blanketi kwa haya. Mhariri akapiga simu kwa akina Thornbury: je, akanushe? Lavinia ndiye aliyepokea. Alijua kwamba akiiacha habari isimame, na Ambrose asitokee, mji utamcheka mpaka azeeke. Akasema, "Subirini hadi jioni." Akaenda kukaa dirishani.

Mchana likatoka gazeti pinzani. Humo Bibi Prudence, hasimu wa Mortimer, aliandika kwamba Ambrose hawezi kuomba hata chumvi mezani, seuze mke. Ambrose akalisoma akila kitandani, akatoka mbio, kitambaa cha chakula kingali shingoni, akavuka mji, akaomba. Lavinia akamkubalia haraka, kabla hajaifikia theluji.

Sasa, akina Thornbury walikuwa na mila yao. Siku ya arusi, kiti cha kando ya bibi arusi ni cha aliyewaunganisha, na anayekikalia ndiye humpa jina mtoto wa kwanza.

Siku ikafika. Mortimer akakishika. "Bila uongo wangu, huyu kijana angekuwa na nini cha kutimiza?"

Prudence akakishika. "Uongo wako ulimlaza kitandani, bwana wee. Ni kejeli yangu iliyomwamsha."

Bibi Eudora akakishika. "Mbegu niliipanda mimi. Nyinyi mlikuwa wino tu."

Ambrose akanong'ona kwamba aliyekimbia ni yeye, na kwamba huko nje kunaelekea kuanguka theluji.

"Mama," akasema Lavinia, "na aliyengoja dirishani?"

"Wewe una kiti chako, mwanangu."

Basi supu inapoa, wageni wamesimama, na Lavinia anawatazama mmoja mmoja, akimfikiria mwanawe na jina atakalobeba maisha yake yote. Msaidieni upesi, maana Mortimer amekwisha kuandika nani alikaa, na gazeti liko mtamboni. Je, mngekuwa nyinyi, kiti mngempa nani?