Seremala Aliyemvua Mwanawe Viatu

Ndugu zangu, sala imekwisha na najua mna shughuli zenu, lakini kabla hamjanyanyuka nipeni masikio kidogo. Nataka kuwaeleza habari za seremala mmoja, bwana hodari ambaye mbao hazikumshinda hata siku moja. Mlango ukitoka kwake unafunga, na kitanda chake hakilii. Basi Mola akamruzuku mtoto wa kike, na mtoto akaja na miguu kifundo, nyayo zote mbili zimegeukia ndani zinatazamana. Majirani wakaanza: mara mama yake alimcheka kiwete, mara alikanyaga dawa ya watu. Upuuzi mtupu. Mtoto kaumbwa na Mola wake. Hana kosa yeye, wala mama yake.

Yule seremala, hapa namsifu, hakuwasikiliza. Mtoto hana hata siku kumi, akambeba kumpeleka hospitali. Huko wakainyoosha miguu taratibu na kuifunga plasta tangu vidoleni mpaka pajani. Kila wiki plasta inafunguliwa, miguu inanyooshwa kidogo tena, inafungwa nyingine. Mwisho wakachana kidogo kano ya kisigino ili ilegee, wakafunga plasta ya mwisho wiki tatu. Siku ilipotolewa, seremala alilia mbele za watu. Nyayo zimenyooka! Akatoa rula yake mfukoni akaiweka palepale, kisigino mpaka kidole gumba, akasema, "Hii kazi hata mimi naivulia kofia."

Muuguzi akamkabidhi viatu viwili vidogo, vimeunganishwa kwa pau ya chuma. Akamwambia, "Miezi mitatu avae muda wote, avuliwe kuoga tu. Baada ya hapo avae kila anapolala, mpaka atimize miaka minne. Mkiacha, baba, miguu itarudi ilikotoka. Sisi tumenyoosha. Kulinda ni kwenu nyumbani."

Je, ni jambo gumu hilo? Kumvalisha mtoto viatu?

Miezi ya mwanzo walijitahidi. Lakini mtoto alipopata akili akagundua kilio. Kila akionyeshwa vile viatu, anajikunja, analia mpaka sauti inakauka. Baba mtu moyo ukawa unamchonyota. Siku moja alasiri akaishiwa subira.

"Baba Radhia, muuguzi alisema miaka minne," mkewe alimkumbusha.

"Mama Radhia, macho yangu haya yanapima miaka ishirini sasa. Tazama mwenyewe, pamepinda wapi? Mtoto anatembea! Tunamfunga kama mbuzi kwa kosa gani?"

Akachukua bisibisi, akaifungua ile pau. Na kwa kuwa fundi hatupi chuma kizuri, akaipigilia kwenye droo yake ya vifaa ikawa mshikio. Mtoto akalala bila kulia. Seremala naye akalala usingizi mzuri, akijiona baba mwenye huruma.

Sasa niambieni, si huyu huyu anayebana mbao mbichi kwenye jiriwa na kuwafokea wateja, "Subirini, nikiifungua leo itapinda tena"? Kwa mbao alijua. Kwa damu yake akasahau. Na hakusahau kwa ubaya, jamani. Alisahau kwa mapenzi. Hapo ndipo kisa hiki kinaponiuma mimi.

Mwaka wa kwanza hapakuwa na kitu. Mwaka wa pili kisigino kimoja kikaanza kuinuka. Mama akasema, baba akajibu, "Atanyooka akikua." Akakua. Alipofika miaka mitano alikuwa anakanyagia ubavu wa mguu, ngozi imeota sugu, na wenzake wakikimbia yeye anabaki kushika ukuta.

Wakarudi hospitali. Daktari akamshika mtoto miguu, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Viatu vyake viko wapi?"

"Viatu vipo. Ile pau..." Seremala akamalizia: "Niliifanya mshikio wa droo."

Daktari hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alisema tu, "Tutaanza plasta upya, na safari hii huenda tukapasua. Atatembea, inshallah. Ila siwezi kukuahidi miguu ile ile tuliyokupa mwanzo."

Wakatoka wakakaa kwenye benchi kungoja zamu ya plasta. Pembeni yao mama mmoja alikuwa anamvalisha kichanga chake viatu vyenye pau, kichanga kinalia kama kinachinjwa, mama anakaza kamba huku machozi yanamtoka. Radhia alimtazama sana.

"Baba, mimi nilivaa vile?"

"Ulivaa, mwanangu."

"Mbona mlinivua?"

"Ulikuwa unalia sana. Nilikuhurumia."

Radhia akamgeukia. "Lakini baba, mimi si nilikuwa mtoto? Nilikuwa sijui. Wewe ulikuwa unajua."

Seremala akampakata tu. Mna jibu nyinyi? Mimi sina.

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita tulimaliza Ramadhani. Ile ilikuwa plasta yetu. Mwezi mzima tulifungwa, na tulinyooka, tusijidharau. Ndimi zilitulia. Mtu aliyemnunia jirani yake alimpelekea futari. Msikiti huu ulijaa alfajiri mpaka watu wakatandika mikeka nje. Ikaja Idi, tukajitazama kwa macho yetu wenyewe tukasema, tumenyooka, tupumzike. Roho ililia usingizi, tukaionea huruma. Ililia umbea, tukaionea huruma. Jana alfajiri nyuma yangu walikuwapo watu wanne. Na juzi, nawaambia ukweli, hata hao walinikuta sijafungua mlango, kwa sababu mimi imamu wenu nilikuwa nimelala.

Tutaulizwa, na hatutaweza kusema hatukujua. Tulikuwa watu wazima. Tuliambiwa, na muda tuliambiwa: mpaka siku ya kufa.

Kesho alfajiri mlango utakuwa wazi. Roho itakulilia, itakwambia leo tu. Iache ilie, uje.