Zimwi Lililotaka Kugawa Kikoa

Sogeeni, ngano imeiva. Watu wa Kitongani walikula kikoa: leo nyumba hii inapikia wote, kesho nyumba ile. Likaja zimwi refu kama mnazi. "Leteni chakula kwangu, niwagawie sawa." Wakapeleka.

Likatafuna wali wote, likameza utamu, likawatemea bakulini makapi yenye ute wa kijani. Watu wakafumba macho, wakala. Mwanashega aliyekuwa akinyonyesha akatapika. Maziwa yakamkauka, mtoto akalia.

Jirani yake Bi Zafarani akampenyezea sahani ya wali uani. "Kula, mwanangu. Huu haujapita kinywani mwake."

Maziwa yakarudi. Kesho yake Mwanashega akapika, akapeleka kwa jirani mwingine, naye kwa mwingine. Hakuna aliyekwenda tena kwa zimwi.

Likabisha mlango wa kwanza. "Changu?" "Tumeshakula." Likafupika kama mlango. Mlango wa pili, "Tumeshakula." Likafupika kama kinu. Mlango wa tatu, kwa Mwanashega, likalia, "Nipe, mama."

"Kikoa ni zamu, bwana. Kapike nasi tule."

Zimwi halikujua hata kuwasha moto. Likaenda porini kumeza mate yake.

Nimemaliza; aliye macho amfunike aliyelala.