Mtaalamu Aliyekaa Nje

Hebu niambieni, nyinyi mnaojifanya malaika, nani kati yenu hajawahi kumwona jirani akishuka garini na mabegi ya magurudumu, naye akaomba kimoyomoyo yale magurudumu yang'oke?

Basi msimcheke Nguchiro. Aliishi enzi zile wanyama walipokuwa na nyumba zao, vyuo vyao, na ofisi zenye viyoyozi. Kilichokosekana ni maji tu. Nguchiro alisomea uhandisi wa maji. Akapata first class, akavaa joho, mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kisha bwana mhandisi akarudi nyumbani, akalala kwenye kochi.

Sasa kuna Ngiri. Huyu alisoma naye darasa moja, na mitihani yote aliivuka kwa kuchungulia begani kwa Nguchiro. Walipomaliza chuo akavuka mto mkubwa, akaenda kutafuta maisha ng'ambo. Mwaka ule akarudi likizo. Amenenepa, meno yamesuguliwa yanang'aa, miwani ya jua iko utosini, perfume inatangulia, yeye anafuata nyuma. Mtaa mzima ukampikia pilau. Kila akisema maneno mawili, la tatu ni "you know".

Mama Nguchiro naye alikwenda kula. Aliporudi akasifia bati jipya la kwa kina Ngiri, kisha akamuuliza mwanawe, kwa upole kabisa, kama digrii nayo huwa inaezekea nyumba.

Ilimchoma. Nguchiro akajifunika shuka mchana kweupe. Mvua ikanyesha juu ya lile bati, ngo-ngo-ngo, akaona kama linamtaja jina. Akaliombea kutu. Akamwombea Ngiri tumbo la kuhara, angalau siku ya harusi ya dada yake.

Maana si kwamba yeye alikuwa mvivu. Kila asubuhi alikwenda Ofisi ya Maji, akakaa kwenye kiukuta cha nje na bahasha yake ya vyeti, akingoja atokee mtu wa kumwita. Mkurugenzi Tembo alipita pale. Afisa ajira Kiboko alipita pale. Nguchiro aliwaamkia shikamoo, nao wakaitikia marahaba huku macho yapo kwenye simu. Kiangazi kikaisha, masika ikaja, ikaondoka.

Siku moja, Ngiri bado yuko likizo, likabandikwa tangazo mlangoni: ANATAKIWA MTAALAMU WA MAJI. AWE AMEKAA NJE KWA MUDA MREFU.

Ngiri alishaanza kutamba mtaani kwamba hiyo kazi ni yake, alete picha tu. Nguchiro alilisoma lile tangazo huku wivu unampanda kooni kama kiungulia. Akalisoma tena. Aliporudia mara nyingine, mkia ukasimama wima, tii!

Siku ya interview akaazima tai, akachana manyoya, akaingia. Wakubwa wakamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Wewe umekaa nje?" Tembo akauliza.

"Nimekaa nje sana, mzee. Mpaka ngozi imebadilika rangi."

"Hali ya hewa ya huko ikoje?" Kiboko akadakia.

"Ngumu. Jua likiwaka linakuwakia wewe, na mvua ikija hakuna wa kukwambia ingia."

Tembo akapepea masikio, fwa, fwa, akamnong'oneza mwenzake kwamba hawa ndio vijana waliopigwa na dunia. Akataka kujua wenyeji wa huko wanampokeaje mgeni.

"Wanapita tu, mzee. Unawasalimia, wanakuitikia huku wanaingia ofisini. They are very busy."

"Umeona?" Tembo akamgeukia Kiboko. "Wenzetu wanajali muda."

Wakampa karatasi achore bomba la kutoka chemchemi hadi mjini. Alichora lote, na mteremko wake, wakati Kiboko bado anatafuta miwani. Kazi akapewa palepale, na nyumba, na gari.

Ngiri alikuwa koridoni akingoja zamu yake. Alipoambiwa nafasi imejaa, ile miwani ikashuka kutoka utosini mpaka puani. Nguchiro alijiandaa kumcheka, alishaipanga hata kauli. Lakini Ngiri akamshika mkono.

"Kama ulinionea wivu, acha," akasema, na hapo "you know" imekwisha. "Huko nasugua masufuria, ndugu yangu. Hiyo perfume ni ya kuficha sabuni ya vyombo. Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wivu wewe, unalala kwa mama yako."

Kesho yake Nguchiro akaenda kwa Kiboko kuomba fundi wa pili, akamtaja Ngiri. Lakini, tusidanganyane, ile miwani bado aliitamani.

Maji yakafika mjini, shwaaa. Siku ya uzinduzi Tembo akasimama jukwaani, akawaambia wananchi kwamba nchi hii haitaendelea bila wataalamu kutoka nje, kisha akamwita Nguchiro ataje ni nchi gani iliyomlea.

"Hii hii, mzee," Nguchiro akasema kwenye spika. "Nilikaa nje ya ofisi yako. Kwenye kiukuta, kushoto ukiingia. Ulikuwa unaniitikia marahaba."

Mkonga wa Tembo ukaning'inia. Akataka kumfukuza, akatazama bomba, akatazama wananchi wenye ndoo, akakaa chini.

Funzo: mkubwa asiyemtazama anayepishana naye mlangoni, hata ukweli utamdanganya.

Na nyinyi mnaoandika matangazo ya kazi, nawaambia nyinyi, si wanyama: kesho asubuhi, kabla hamjawasha kompyuta, tokeni hadi getini, mmuulize wa kwanza mtakayemkuta amesomea nini. Akishawajibu, muingizeni ndani mumpe kazi.